Kuchora mtandao wa biashara ya samaki Tanga: kutoka daftari la mnadani hadi Gephi

Pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga, asubuhi nahodha anamjua dalali wake, dalali anawajua mama karanga (wanawake wanaonunua samaki wa kukaanga na kuuza) wanaomsubiri, na mchuuzi wa baiskeli anajua amfuate nani kabla barafu haijaisha. Kila mmoja anaijua sehemu yake barabara. Ila ukiuliza sehemu hizo zinavyoshikana, kuanzia Moa kule Mkinga hadi Kigombe na Pangani, ni vigumu kupata wa kukujibu, maana hakuna anayesimama mahali pa kuziona zote kwa pamoja.

Kuna programu za kompyuta zinazokusaidia kuziona. Unaiandikia programu orodha ya nani anashughulika na nani, nayo inachora kila mtu kama nukta na kila uhusiano kama mstari, kisha inakupigia hesabu: nani ana mahusiano mengi, nani anakaa kati ya makundi, makundi yenyewe ni yapi. Mwongozo huu ni kwa katibu wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni), mwanafunzi anayeandika utafiti, afisa uvuvi, au kijana yeyote mwenye kompyuta mpakato na hamu ya kuielewa pwani yake. Nitatumia Gephi. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ilianza kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha teknolojia cha Compiègne, Ufaransa, na mwaka 2009 ikawasilishwa rasmi mbele ya watafiti. Maneno yake kwenye kioo hayako kwa Kiswahili, kwa hiyo vitufe nitavitaja kama vilivyoandikwa.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kuwasha kompyuta

Liwe swali moja, la sentensi ambayo nahodha angeielewa. Dalali fulani akiacha kazi, wavuvi gani watakosa mnunuzi? Habari ya bei ya nguru ikitoka mnadani, inawafikiaje wanawake wanaokaanga samaki Chongoleani? Fedha za nyavu na mafuta zinatoka kwa nani?

Maswali haya yanafanana ukiyasikia haraka, lakini kila moja lina mtandao wake. La kwanza linafuata samaki, la pili linafuata habari, la tatu linafuata deni. Ukiyachanganya kwenye picha moja utapata mistari mingi isiyojibu lolote. Amua pia mpaka wako: ni diko (mahali vyombo vinaposhusha samaki) gani na gani, watu wa kazi gani, na kwa kipindi gani. Wanunuzi wa waja leo waondoka leo, wanaofika na gari la barafu kutoka Moshi au Arusha, wamo au hawamo? Jibu lolote ni halali ilimradi uliandike, kwa sababu mtu uliyemwacha nje hataonekana kwenye picha, na msomaji atadhani hayupo kabisa.

Hatua ya 2: Kukusanya

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Mali bila daftari huisha bila habari, na mtandao bila daftari safi ni mapambo tu. Kompyuta haitarekebisha hata kosa moja ulilotoka nalo ufukweni.

Kwanza, namna ya kuuliza. Ukimwuliza mvuvi "Unamuuzia nani?" atakutajia mtu mwenye jina, au shemeji yake, au yule anayemheshimu. Anajibu kuhusu heshima, wewe unadhani anajibu kuhusu samaki. Uliza tukio: "Shikamoo nahodha. Jana mliposhusha, mzigo ulichukuliwa na nani?" Akishajibu, uliza safari iliyotangulia, na iliyotangulia hiyo. Majibu ya safari tatu za mwisho yana ukweli mwingi kuliko jibu moja la "siku zote". Uliza na upande wa pili: mama karanga akuambie leo amenunua kwa nani. Pale mvuvi na mnunuzi wanapotajana, una uhakika. Pale mmoja anapotaja na mwingine hataji, weka alama, urudi.

Pili, wakati. Bahari yetu haina siku ya kawaida. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukipevuka vyombo vingi vya dagaa hubaki nchi kavu. Pweza huokotwa miambani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na miamba kuwa wazi. Maji mafu yakiingia, biashara hiyo hupungua. Kusi linapovuma kwa nguvu, vyombo vidogo haviendi mbali. Ukikusanya taarifa zako zote katika juma moja la giza, madalali wa dagaa watajaza picha, na wanawake wa pweza watakuwa pembeni kama watu wasio na uzito wowote. Kwa hiyo hudhuria angalau bamvua moja na maji mafu, giza na mbalamwezi, na kila mstari wa daftari uwe na tarehe. Tarehe itakuwezesha baadaye kuutenganisha mtandao wa giza na ule wa mbalamwezi, ukailinganisha.

Tatu, majina. Mwanamke mmoja anaweza kuitwa Mama Zaituni na majirani, Bi Mwanaidi na wazee, na jina jingine kabisa mnadani, la utani. Programu itachora watu watatu. Na wanaume wawili wanaoitwa Salimu wataungana kuwa mtu mmoja mwenye biashara kubwa ajabu. Dawa yake ni kumpa kila mtu namba ya siri siku ileile unapomwandika: V kwa mvuvi, D kwa dalali, K kwa mama karanga, M kwa mchuuzi, ikifuatiwa na tarakimu. Ukisikia jina jipya, muulize mtu wa palepale: "Huyu ndiye yule wa jana, au mwingine?"

Namba hizo zinalinda watu pia. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, lakini hata bila sheria, fikiria picha inayoonyesha nani anadaiwa na tajiri gani ikizunguka kwenye simu za mtaa mzima. Ndoa zinaweza kuvunjika, watu wanaweza kunyimwa mkopo. Daftari lenye majina na namba zake likae peke yake, kwa mtu mmoja, na lisiingizwe kamwe kwenye faili la Gephi. Mwombe kila mtu ruhusa kwa maneno yanayoeleweka, mwambie picha itaonekana na nani, na akikataa, aachwe kwa heshima. Kwenye vijiji vilivyo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (samaki wa kale), iliyoanzishwa mwaka 2009, mgeni mwenye daftari anaweza kudhaniwa mkaguzi, basi pita kwanza kwa viongozi wa kijiji na BMU, ujieleze.

Jambo moja ambalo wengi huliingia bila kujua: kuhesabu uanachama kama uhusiano. Ukiwaunganisha wote walio kwenye kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, kikundi cha watu 30 kinazaa viungo, yaani mistari ya uhusiano, 435 mara moja, na picha itaonyesha fundo zito ambalo halina habari yoyote zaidi ya kwamba kikundi kipo. Watu wawili waliokaa kwenye mkutano mmoja si lazima wawe wamewahi kuuziana hata kibua mmoja. Andika walichofanya.

Hatua ya 3: Majedwali mawili

Fungua LibreOffice Calc au Excel. Tengeneza jedwali la watu na jedwali la viungo. Vichwa vya safu vinavyotambuliwa na Gephi viandikwe kama vilivyo: Id na Label kwa watu, Source, Target na Weight kwa viungo. Safu nyingine ziite utakavyo.

Hili ni jedwali dogo la mazoezi nililolitunga ili tuweze kuzihakiki hesabu kwa mkono. Wavuvi watano, madalali wawili, wachuuzi wawili, mama karanga mmoja:

Id,Label,Kazi,Alihojiwa
V1,V1,mvuvi,ndiyo
V2,V2,mvuvi,ndiyo
V3,V3,mvuvi,ndiyo
V4,V4,mvuvi,ndiyo
V5,V5,mvuvi,hapana
D1,D1,dalali,ndiyo
D2,D2,dalali,ndiyo
M1,M1,mchuuzi,hapana
M2,M2,mchuuzi,hapana
K1,K1,mama karanga,ndiyo

Na viungo, kila kimoja kikielekea samaki waendako, uzito ukiwa kilo:

Source,Target,Weight
V1,D1,40
V2,D1,25
V3,D1,30
D1,M1,50
D1,K1,20
V4,D2,35
V5,D2,15
D2,M2,30
D2,K1,15

Safu ya Alihojiwa usiidharau. Mtu aliyetajwa na wengine tu, bila yeye mwenyewe kuulizwa, ataonekana na viungo vichache kwa sababu hukumfikia, wala si kwa sababu biashara yake ni ndogo. Nitairudia safu hii mbele.

Hifadhi kila jedwali kama faili la CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma), na pale unapoulizwa mfumo wa herufi chagua UTF-8. Angalia herufi kubwa na ndogo: D1 na d1 ni watu wawili mbele ya kompyuta.

Hatua ya 4: Kusakinisha na kuingiza

Pakua Gephi kutoka gephi.org ukiwa na bando la kutosha au Wi-Fi ya ofisini. Matoleo ya karibuni yanakuja na Java ndani yake, hivyo huhitaji kuisakinisha pembeni. Kama kompyuta si yako na huruhusiwi kusakinisha kitu, ipo Gephi Lite inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Ina vitu vichache, ila kwa mtandao mdogo inatosha.

Fungua mradi mpya. Nenda "File", kisha "Import Spreadsheet", chagua faili la watu, hakikisha umechagua kwamba ni "Nodes table" na kitenganishi ni koma. Malizia. Rudia kwa faili la viungo, safari hii "Edges table". Kwenye dirisha la mwisho kuna mambo mawili ya kuyatazama kwa makini. La kwanza ni aina ya grafu, yaani mchoro wa mtandao: chagua "Directed" kwa kuwa viungo vyetu vina mwelekeo. La pili ni mahali pa kuweka: chagua "Append to existing workspace". Usipoichagua, viungo vitafunguliwa kwenye ukurasa mwingine, na watu wako watabaki upande wa pili bila mahusiano.

Kama mvuvi mmoja amemuuzia dalali mmoja mara nyingi na umeandika kila safari kwa mstari wake, palepale kwenye chaguo za ziada agiza uzito ujumlishwe, yaani "Sum".

Sasa fungua sehemu inayoitwa "Data Laboratory" kabla hujatazama picha yoyote. Tunaingiza watu kwanza na viungo baadaye kwa makusudi: namba iliyomo kwenye viungo lakini haimo kwenye orodha ya watu, Gephi huiumbia mtu mpya. Mtu huyo atatokea bila kazi na bila lebo. Panga jedwali kwa safu ya Kazi, na wote wasio na kazi ni makosa ya kuandika. Yasahihishe kwenye faili la awali, uingize upya. Ukirekebisha ndani ya Gephi peke yake, kosa litakusubiri siku nyingine.

Hatua ya 5: Kuipanga picha

Kwenye "Overview" utaona nukta zimetawanyika ovyo. Upande wa "Layout" chagua "ForceAtlas 2", bonyeza "Run". Kanuni yake, iliyochapishwa kwa ukamilifu mwaka 2014 na waundaji wa Gephi wenyewe, ni kwamba nukta zote zinasukumana na kila kiungo kinavuta nukta zake mbili zikaribiane. Baada ya muda nguvu zinasawazika. Haijisimamishi yenyewe, bonyeza "Stop" ukiona imetulia. Picha ikibanana ongeza "Scaling". Vipande vilivyojitenga vikikimbilia mbali, washa "Stronger Gravity". Mwisho kabisa washa "Prevent Overlap" ili nukta zisilaliane.

Tafadhali lishike hili: mahali nukta ilipokaa hapana maana yake yenyewe. Juu si ukubwa, katikati ya karatasi si ukuu, kushoto si kaskazini. Iendeshe upya, na picha inaweza kugeuka juu chini. Maana iko kwenye nani ameungana na nani. Nimeona watu wazima, wenye elimu zao, wakijadili kwa nini mtu fulani "yuko juu".

Hatua ya 6: Vipimo

Fungua sehemu ya "Statistics". Kwenye jedwali letu la mazoezi anza na vipimo vyepesi ili ujue programu inasoma ulichokusudia. Watu 10, viungo 9. Ukiitazama grafu kama isiyo na mwelekeo, wastani wa viungo kwa mtu ni 1.8, kwani kila kiungo kina ncha mbili, na 18 ukiigawa kwa 10 ndiyo hiyo. Msongamano ni 0.2: jozi zinazowezekana ni 45, tulizonazo ni 9. Gephi ikikupa 0.9 na 0.1, imehesabu kwa mwelekeo, ndiyo nusu ya hizo. Ukipata namba nyingine, kuna mstari umepotea au umeingia mara mbili. Usiendelee mpaka uupate.

Idadi ya viungo inamweka D1 mbele na viungo 5, D2 akifuata na 4. K1 ana viwili tu. Wengi huishia hapo, wakatangaza kwamba wakubwa wa diko ni madalali. Hilo hata mtoto wa shule angekuambia bila kompyuta.

Kipimo chenye faida kwetu ni cha kukaa kati ("Betweenness Centrality"), alichokieleza mtafiti wa mitandao Linton Freeman mwaka 1977. Kinauliza: kwa kila jozi ya watu, njia fupi kuliko zote kati yao inapita kwa nani? Kwenye Gephi kinapatikana ukibonyeza "Run" mbele ya "Network Diameter". Dirisha litakuuliza "Directed" au "UnDirected". Chagua "UnDirected" kwanza. Matokeo yatakuwa haya: D1 ana 26, D2 ana 21, K1 ana 20.

Mtazame K1. Mama karanga mwenye viungo viwili tu anakaribia kulingana na dalali mwenye vinne. Hakiki kwa mkono: upande wa D1 kuna watu watano, upande wa D2 kuna wanne, na yeyote wa huku anayetaka kumfikia yeyote wa kule lazima apite kwa K1. Tano mara nne ni ishirini. Mwondoe, na mtandao unakatika vipande viwili visivyojuana. Kama swali lako lilikuwa la habari za bei, huyu ndiye mtu wa kumpa habari, kwa sababu yeye ndiye anayesikia bei ya mnada wa huku na wa kule. Mwanasosholojia Mark Granovetter, mwaka 1973, alionyesha jambo linalokaribiana na hili kwa watu waliopata kazi nchini Marekani: habari mpya mara nyingi zilitoka kwa watu waliofahamiana nao kwa mbali, kuliko kwa wale waliokuwa nao kila siku.

Sasa rudia kipimo hichohicho, ila chagua "Directed". D1 anapata 6, D2 anapata 4, na K1 anapata sifuri.

Jedwali ni lilelile, mwanamke ni yuleyule. Kilichobadilika ni kinachosafiri. Samaki anaenda upande mmoja: anatoka kwa mvuvi, anapita kwa dalali, anafika kwa K1, anaingia kwenye mafuta, basi, hakuna samaki anayepita kwa K1 kwenda kwa dalali mwingine. Habari ya bei, kinyume chake, inaenda pande zote. Ndiyo maana nilisema swali liandikwe kwanza. Mtu asiye na swali atabonyeza kitufe chochote, apate 20 au apate sifuri, na vyote viwili atavisoma kwa sauti ya uhakika.

Elewa pia kwamba kipimo hiki cha Gephi hakiangalii uzito. Kilo 50 na kilo 15 ni kiungo kimoja tu kwake. Kama wingi wa samaki ndilo swali lako, tumia "Avg. Weighted Degree", itakayokuongezea safu ya jumla ya kilo kwa kila mtu. D1 atakuwa na kilo 95 zilizoingia na 70 zilizotoka, na tofauti ya kilo 25 ni jambo la kwenda kumuuliza: zimeuzwa kwa mtu usiyemwandika, zimeharibika, au zimekwenda nyumbani kwake?

Hatua ya 7: Makundi na rangi

Bonyeza "Run" mbele ya "Modularity". Njia inayotumika ilibuniwa na watafiti wa chuo kikuu cha Louvain, Ubelgiji, mwaka 2008. Inatafuta mgawanyo ambao viungo vingi vinabaki ndani ya makundi kuliko ambavyo ingekuwa kwa bahati tu. Ukiondoa alama kwenye "Use weights" ili uzito usihesabiwe, mgawanyo bora wa mfano wetu ni makundi mawili, kwa alama 0.389: D1 na watu wake, D2 na watu wake. Na K1? Amewekwa kwa D2, kwa sababu kila mtu lazima awe na kundi moja. Rangi itamwonyesha kama mtu wa D2 kwa asilimia mia, wakati tumeona hivi punde kwamba thamani yake ni kuwa wa pande zote mbili. Kwa hiyo usisome rangi bila kipimo cha kukaa kati pembeni yake. Kwenye mtandao mkubwa endesha mara kadhaa, ubadilishe "Resolution" juu na chini ya 1: chini yake makundi huongezeka, juu yake hupungua. Kundi linalobaki vilevile kila unapobadilisha ndilo la kuamini.

Kupaka rangi nenda "Appearance", "Nodes", "Partition", chagua "Modularity Class", bonyeza "Apply". Ukubwa wa nukta uko kwenye "Ranking": chagua kipimo cha kukaa kati, "Betweenness Centrality", weka ukubwa wa chini na wa juu.

Halafu fanya jambo ambalo nawasihi wote wanaoanza wasiliruke. Badala ya makundi, paka rangi kwa safu ya Alihojiwa. Ikiwa nukta kubwa zote ni za waliohojiwa na ndogo zote ni za wasiohojiwa, picha yako inaonyesha njia uliyopita na daftari, haionyeshi biashara ya samaki. Rudi ufukweni.

Hatua ya 8: Kutoa picha

Nenda "Preview", washa "Show Labels", bonyeza "Refresh". Mistari iliyonyooka inasomeka vizuri kuliko iliyopinda kwenye mtandao mdogo. Kwa kuchapisha toa PDF au SVG, kwa simu toa PNG. Pembeni andika mwenyewe maelezo: nukta ni nani, mstari ni nini, ukubwa unapima nini, taarifa zilikusanywa kipindi gani, na nani hawakujumuishwa.

Hatua ya 9: Irudishe kwa wenyewe

Chapisha kwenye karatasi kubwa, namba bila majina, uipeleke kwenye kikao cha BMU saa za alasiri, wavuvi wakiwa wamepumzika. Usianze kwa kuwaeleza matokeo. Waeleze namna ya kusoma: nukta ni mtu, mshale ni samaki walikoelekea. Kisha uliza: "Nani hayumo humu?" Watakutajia. Yupo mzee asiyefika mnadani lakini fedha za mafuta zinatoka kwake. Yupo binti anayepigia simu wanunuzi wa mbali. Waandike pembeni kwa kalamu nyekundu, uwape namba, uwaombe ruhusa kama wengine, uwaongeze kwenye majedwali, na uendeshe hesabu zote upya.

Uliza pia kuhusu viungo vinavyoshangaza. Mvuvi anayeuza kwa dalali mmoja tu mwaka mzima, wakati wenzake wanauza kwa watatu, huenda alinunuliwa mashine na dalali huyo na anailipa kwa samaki. Hilo liulizwe faragha, kwa mtu mwenyewe, na kama linaandikwa, liingie kwenye jedwali la deni lililo peke yake.

Hifadhi faili la Gephi kwa tarehe kwenye jina lake, pamoja na CSV zote mbili. Kaskazi likirudi, kusanya tena kwa namba zilezile, maana mitandao miwili ya diko moja inaweza kulinganishwa pale tu D1 wa mwanzo anapokuwa ndiye D1 wa sasa.